Kibao getini hakitoshi: watu wanaoingia darasani kupambana na chuki dhidi ya Wayahudi

Leo naleta mada ambayo najua itawasha moto kwenye maoni, lakini haina jinsi, lazima tuizungumze. Ni chuki dhidi ya Wayahudi mashuleni huko Ulaya, na hasa watu walioamua kuingia darasani kupambana nayo. Najua kuna mdau ameshaanza kunung'unika: sasa hiyo inatuhusu nini sisi wa huku, wakati tuna shida zetu za ada na madawati? Swali la haki kabisa. Nitalijibu, ila kwanza tuelewane kitu chenyewe ni kipi.

Mwaka 2017 magazeti ya Ujerumani yaliandika sana habari za kijana mmoja wa Berlin, miaka 14. Alikuwa amehamia shule mpya. Siku moja akataja darasani kwamba yeye ni Myahudi, basi. Kuanzia hapo maisha yakabadilika. Baadhi ya wenzake wakaanza kumtolea maneno, ikafika hatua ya kukabwa shingo na kuelekezewa bastola ya bandia. Wazazi wakamtoa shuleni. Kilichowashangaza wengi ni kwamba shule yenyewe ilikuwa kwenye mtandao unaoitwa "Shule bila ubaguzi". Mtandao huo ulianza Ujerumani mwaka 1995 na una shule zaidi ya 4,000. Ili shule ipewe kibao, angalau asilimia 70 ya wanafunzi, walimu na wafanyakazi lazima watie sahihi kuahidi kwamba watapinga ubaguzi. Kwa hiyo sahihi zilikuwepo, kibao kilikuwepo, na kijana bado akaondoka.

Hapo ndipo penye somo la kwanza. Kibao getini hakimfundishi mtu. Anayefundisha ni yule anayeingia darasani, akakaa na wanafunzi, akasikiliza maneno wanayoyasema na kuyajibu moja baada ya jingine. Na watu wa namna hiyo wapo.

CHUKI YENYEWE IMETOKA WAPI?

Wengi wetu tumesoma au kusikia habari za Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri ikachapishwa mwaka 1969. Mle ndani kuna Shylock, Myahudi mkopeshaji anayedai ratili ya nyama kutoka mwilini mwa mdeni wake. Mwanafunzi anaweza kufunga kitabu akabaki na picha moja tu kichwani: Myahudi ni mtu wa riba, hana huruma. Kwa haki, Shakespeare mwenyewe alimpa Shylock nafasi ya kujitetea kama binadamu. Lakini kuna mambo mawili ambayo kitabu hakikwambii.

Moja, katika miji mingi ya Ulaya ya zamani Wayahudi walikatazwa kumiliki ardhi na kujiunga na vyama vya mafundi, huku kanisa likiwakataza Wakristo kukopesha kwa riba. Yaani unamfungia mtu milango yote, unamwachia mmoja, halafu unamlaumu kwa kupita mlango huohuo. Na wengi wao hawakuwa matajiri wowote, walikuwa watu wa kubangaiza kama wengine. Pili, Shakespeare aliandika tamthilia hiyo miaka ya 1590. Uingereza ilikuwa imewafukuza Wayahudi tangu mwaka 1290, na hawakuruhusiwa tena mpaka 1656. Maana yake watazamaji wengi wa pale London walikuwa wanamzomea mtu ambaye hawajawahi hata kuishi naye mtaa mmoja. Shikilia hilo, kwa sababu ndivyo chuki hii inavyofanya kazi mpaka leo: haimhitaji Myahudi awepo.

Na ninyi vijana mnaosema "niko geto napumzika", mnajua neno hilo limetoka wapi? Lilianzia Venisi hiyohiyo. Mwaka 1516 watawala wa mji waliamuru Wayahudi wote wakae eneo moja lililoitwa Ghetto, na usiku mageti yakifungwa. Huku kwetu geto limekuwa chumba cha kijana anayejitegemea, mwanzo wake ulikuwa kufuli.

Halafu kuna ule uongo wa "Wayahudi wanaitawala dunia kwa siri". Huu unazunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp, tena siku hizi na video yenye muziki wa kutisha. Chanzo chake kikubwa ni maandishi yanayoitwa Itifaki za Wazee wa Sayuni, yaliyotokea kwenye gazeti moja la Urusi mwaka 1903. Mwaka 1921 gazeti la The Times la London lilionyesha wazi kwamba ni ya kughushi. Sehemu kubwa ilinakiliwa kutoka kitabu cha Mfaransa Maurice Joly cha mwaka 1864, kitabu cha kumpiga vijembe mtawala wa Ufaransa Napoleon III, na ambacho hakikuwa na habari ya Wayahudi hata kidogo. Mtu alichukua kitabu cha watu, akabadilisha wahusika, akauza. Zaidi ya miaka 100 imepita tangu uongo huo uumbuliwe, na bado kuna mtu atakutumia leo jioni akiandika "soma mpaka mwisho, hii wanaificha".

Sasa kwa nini vita hii iwe shuleni na siyo polisi peke yake? Kwa sababu shule ndiko chuki ilikopikwa. Hitler alipoingia madarakani mwaka 1933 Wanazi walibadilisha masomo, wakafundisha watoto kwamba Myahudi ni kiumbe duni. Mwaka 1938 kilichapishwa kitabu cha watoto chenye picha za rangi kinachoitwa Uyoga wenye Sumu: kama uyoga wa sumu unavyofanana na uyoga mzuri, ndivyo Myahudi anavyofanana na mtu mwema, kwa hiyo mtoto ajifunze kumtambua. Novemba mwaka huohuo watoto wa Kiyahudi waliokuwa wamebaki kwenye shule za serikali za Ujerumani wakafukuzwa. Kufikia 1945 Wayahudi milioni sita walikuwa wameuawa katika Holokosti, yaani yale maangamizi. Waliofanya kazi ile walikuwa na vyeti vya shule. Walikuwepo madaktari na wanasheria. Elimu tupu haimzuii mtu kuwa katili, inategemea amefundishwa nini.

WATU WENYEWE NI KINA NANI?

Nianze na Kreuzberg, mtaa wa Berlin wenye familia nyingi za asili ya Uturuki na za Kiarabu. Mwaka 2003 jamaa mmoja mzaliwa wa Uturuki, Aycan Demirel, pamoja na wenzake, walianzisha kikundi cha kupambana na chuki dhidi ya Wayahudi kinachojulikana kwa kifupi KIgA. Ni mwaka huohuo, mwezi Novemba, masinagogi mawili yalilipuliwa kwa mabomu Istanbul. Angalia vizuri nani amesimama hapa. Hawakusubiri Wayahudi wajitetee wenyewe. Ni wahamiaji na watoto wa wahamiaji, wengine wa familia za Kiislamu, waliosikia maneno ya mtaani kwao na kusema hapana, hili ni letu, tulishughulikie sisi. Wakaanza kutengeneza masomo yanayowafaa wanafunzi wa mtaa ule, siyo ya kuletewa kutoka ofisini.

Wa pili ni mradi wa Baraza Kuu la Wayahudi wa Ujerumani unaoitwa Meet a Jew, maana yake Kutana na Myahudi, ulioanza kwa jina hilo mwaka 2020. Ujerumani ina watu zaidi ya milioni 80, na Wayahudi walioandikishwa kwenye jumuiya zao hawafiki laki moja. Kwa hiyo mwanafunzi wa kawaida anaweza kumaliza shule bila kukutana na hata mmoja. Mradi unapeleka vijana wa Kiyahudi darasani, kwa kawaida wawili wawili, wanakaa na wanafunzi wanapiga stori. Mwanafunzi aulize anachotaka: mnakula nini, mnasali saa ngapi, unashabikia timu gani. Kwa nini wawili? Kwa sababu wawili hawafanani. Mmoja anashika dini sana, mwingine hata sinagogi haendi. Ile "Wayahudi wako hivi" inakufa palepale mbele ya macho.

Wa tatu ni Latifa Ibn Ziaten wa Ufaransa. Huyu mama amezaliwa Morocco, Mwislamu, anavaa kitambaa kichwani. Mwanawe Imad alikuwa mwanajeshi wa Ufaransa. Tarehe 11 Machi 2012, mjini Toulouse, aliuawa na Mohammed Merah, ambaye alijifanya anataka kununua pikipiki yake. Siku nne baadaye Merah akaua wanajeshi wengine wawili mjini Montauban. Tarehe 19 Machi akaenda kwenye shule ya Kiyahudi Toulouse, akaua mwalimu mmoja na watoto watatu, kabla ya yeye mwenyewe kuuawa na polisi siku tatu baadaye.

Mama huyu, akiwa bado kwenye msiba, alikwenda mtaani alikokulia Merah. Akawakuta vijana wamekaa, akawauliza kama wanamfahamu. Wakamjibu kwamba Merah ni shujaa. Akawaambia yeye ni mama wa askari aliyeuawa na huyo shujaa wao. Vijana wakaishiwa nguvu, wakamwomba msamaha. Mwaka huohuo akaanzisha chama alichokipa jina la mwanawe, na tangu hapo amezunguka shule na magereza ya Ufaransa akizungumza na vijana. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Zayed ya Udugu wa Kibinadamu, pamoja na António Guterres wa Umoja wa Mataifa. Mimi nikimfikiria mama huyu, visingizio vyangu vyote vya "haiwezekani" vinakwisha.

Uingereza nako kuna shirika la Holocaust Educational Trust, lililoanzishwa mwaka 1988. Tangu 1999 limekuwa likichukua wanafunzi wawili kutoka kila shule inayoshiriki na kuwapeleka Auschwitz, Poland, kwenye kambi ile ya mauaji. Kabla ya safari wanakutana na aliyenusurika, na wakirudi wanawajibika kufundisha wenzao. Ugumu unaokuja ni kwamba walionusurika ni wazee sana sasa. Auschwitz ilikombolewa tarehe 27 Januari 1945. Mtoto wa miaka kumi wa siku ile leo ameshapita miaka 90. Kizazi chako wewe unayesoma ndicho cha mwisho kuweza kumsikia shahidi akisema kwa mdomo wake.

WANAFANYAJE KAZI?

Nilivyofuatilia, wanaofanikiwa wana mbinu zinazofanana.

Kwanza hawaanzi na kukaripia. Mwanafunzi akitamka "Myahudi" kama tusi, na Ujerumani hilo ni jambo la kawaida viwanjani mwa shule, kumfukuza darasani kunamfanya shujaa kwa wenzake. Wanamuuliza: umelisikia wapi? Linamaanisha nini? Ulishawahi kukutana na Myahudi? Mara nyingi mwenyewe anagundua kwamba hana jibu. Hii haina maana kwamba anayepiga mwenzake asiadhibiwe. Ukatili unaadhibiwa, na anayeonewa analindwa kwanza. Ila adhabu peke yake haibadilishi kichwa.

Pili wanaanzia pale mwanafunzi alipoumia yeye. Kijana wa asili ya Kiarabu au Kiafrika Ulaya anajua kusimamishwa na polisi bila sababu, anajua kuulizwa "kwenu wapi hasa?" Ukimheshimu kwenye maumivu yake, atakusikiliza ukimweleza ya mwingine. Ukimwambia yake si kitu, umeshampoteza.

Tatu wanamwonyesha kwamba anayemchukia Myahudi hamuachi na yeye salama. Mfano ni mji wa Halle, Ujerumani, tarehe 9 Oktoba 2019. Mzungu wa mrengo mkali wa kulia alitaka kuingia na bunduki kwenye sinagogi siku ya Yom Kippur, siku takatifu kuliko zote kwa Wayahudi. Mlango ukagoma kufunguka. Akamuua mwanamke aliyekuwa anapita njia, kisha akaenda kwenye duka la kebabu akaua mtu mwingine. Aliwakosa Wayahudi, akahamia alipodhani atapata Waislamu. Ndiyo maana kuna watu wanaolalamika, na wana hoja, kwamba ni kosa kuifanya chuki hii ionekane ni tatizo la watoto wa wahamiaji peke yao. Wazungu wenyewe wanayo, tena ya zamani.

NA PALESTINA JE?

Najua mlikuwa mnasubiri hapa. Tusikwepe.

Tarehe 7 Oktoba 2023 Hamas walishambulia Israel, wakaua watu wapatao 1,200 na kuteka takriban 250. Vita iliyofuata Gaza imeua makumi ya maelfu ya Wapalestina, wakiwemo watoto wengi mno. Mwenye moyo lazima aumie. Walimu wa Berlin wakajikuta na madarasa yanayochemka: huyu ana ndugu Gaza, yule ana ndugu Tel Aviv, na mwalimu mwenyewe anaogopa kufungua mdomo.

Hapo wakaingia watu wawili, Jouanna Hassoun na Shai Hoffmann. Jouanna ni Mpalestina wa Ujerumani, Shai ni Myahudi wa Ujerumani mwenye asili ya Israel. Wanaingia darasani pamoja. Wanafunzi wanaruhusiwa kulia, kukasirika, kuuliza maswali makali. Wao wawili hawakubaliani kila kitu, na wala hawafichi hilo. Wanachowaonyesha wanafunzi ni kwamba unaweza kubeba uchungu wako bila kukanusha wa mwenzako.

Kuilaumu serikali ya Israel siyo kuwachukia Wayahudi, kama vile kuilaumu serikali yetu siyo kuwachukia Watanzania. Wako Wayahudi wengi wanaoandamana dhidi ya serikali hiyo. Mpaka unavukwa pale unaposema "Wayahudi wote wako hivi", au unapomdai majibu ya Gaza mtoto wa miaka 14 wa Berlin. Mstari kamili upite wapi, hata wataalamu wanabishana. Kuna tafsiri moja ya chuki hii iliyotolewa mwaka 2016 na muungano wa nchi zinazokumbuka Holokosti, na nyingine ya wasomi iliyotolewa mwaka 2021 inayoitwa Azimio la Jerusalem, na hazifanani. Ubishi huo ni halali. Kumkaba mtoto shingo hakuna ubishi.

SASA INATUHUSU NINI?

Nilisema nitajibu. Kumbuka Aprili 2020, Waafrika mjini Guangzhou, China, walitolewa kwenye nyumba na hoteli wakalala nje, eti wanaleta korona, kwa sababu ya wachache waliopimwa wakakutwa nayo. Wakenya walikuwemo. Tulikasirika wote, na tulikuwa na haki. Kosa la wachache kubebeshwa wote ndiyo mashine yenyewe, leo inamsaga huyu, kesho inakusaga wewe.

Rwanda hawahitaji kuhadithiwa. Kabla ya 1994 kuna watoto walioamrishwa na mwalimu wasimame darasani kwa kabila, Wahutu huku, Watutsi kule. Na hapa kuna uhusiano wa kweli kabisa. Familia ya Smith ya Uingereza, ambao ni Wakristo, walifungua kituo cha kumbukumbu ya Holokosti huko Nottinghamshire mwaka 1995. Ndugu wawili wa familia hiyo wakaanzisha shirika la Aegis Trust, ambalo pamoja na mji wa Kigali lilijenga Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari ya Gisozi, iliyofunguliwa Aprili 2004, walipozikwa watu zaidi ya 250,000. Elimu ya amani iliyokulia pale imeingia kwenye mtaala wa Rwanda uliozinduliwa mwaka 2015. Afrika Kusini nao walifungua kituo cha Holokosti Cape Town mwaka 1999, na wanafunzi wao wa darasa la tisa wanasoma Holokosti ili waielewe vizuri na sheria za makaburu.

Na kwa anayedhani Myahudi lazima awe mzungu, panda basi mpaka Mbale, Uganda. Kuna jumuiya ya Abayudaya, Waganda weusi kama mimi na wewe, waliofuata dini hiyo tangu Semei Kakungulu alipoianzisha pale mwaka 1919. Idi Amin aliwapiga marufuku, wakasali kwa kujificha. Leo wana shule, na humo watoto wa Kiyahudi, Kikristo na Kiislamu wanakaa dawati moja.

Sasa wewe uliyekaa kwenye kompyuta ya kukodi, dakika zinakwenda, ufanye nini? Si lazima uende Berlin. Ukiletewa video ya "Wayahudi wanaitawala dunia", usiisambaze, na muulize aliyeituma: chanzo ni kipi? Badilisha jina weka la kabila lako au dini yako, usome tena, usikie inavyouma. Ukiwa mwalimu unafundisha Mabepari wa Venisi, tumia dakika tano kueleza kwa nini Shylock alikuwa mkopeshaji. Na ukisikia mtoto anatukanwa kwa asili yake shuleni, awe Msomali, Mhindi, Mrundi au albino, usisubiri kibao.

Naomba kuwasilisha. Uwanja wa maoni uko wazi, anayepinga apinge kwa hoja. Matusi nitayafuta, ya upande wowote.